Hakati Tena

Kinyozi alianguka saa nne za asubuhi, mashine ikinguruma mkononi, katikati ya kichwa cha mteja. Mteja yule, upande mmoja kipara na upande wa pili nywele, alitoka mbio na kitambaa cha kunyolea kikimpepea shingoni, akaita watu. Baadaye, hofu ilipopungua mtaani, hicho ndicho watu walichokisimulia wakicheka: jinsi mtu wa nusu kichwa alivyotimua vumbi. Mke wa kinyozi hakucheka. Wakati ule alikuwa kazini kwa dobi, anapiga pasi mashuka ya hoteli. Alipoletewa habari aliisimamisha pasi wima, akazima umeme, kisha akalikunja shuka lililokuwa mbele yake, pembe kwa pembe, mpaka mwisho, ndipo akavua aproni. Alikuja kujiuliza mara nyingi kwa nini siku ile alilimalizia lile shuka.

Mtaani mumewe walimwita Redio, kwa kuwa ukishamfungua hafungiki. Alijua nani kahama, nani kaachwa, nani kapandishwa cheo na kwa mlango gani. Mtu aliingia kunyolewa kwa dakika ishirini akatoka baada ya saa mbili, mbavu zinamuuma kwa kicheko. Nyumbani Redio hiyohiyo iliendelea kulia. Mgeni akimsalimia mke, "Shemeji, hujambo?" ni mume aliyejibu: "Huyu hajambo. Huyu ana nini cha kumsumbua?" Akiulizwa mke anywe chai au maji, mume alisema chai. Hata siku alipokwenda na mumewe kwa daktari wa meno, ni mume aliyeeleza jino linavyouma.

Naye mke alikuwa na kasoro yake, ambayo mume aliigeuza mtaji wa vichekesho. Ulimi wake haukuijua "r". Lugha aliyolelewa nayo haikuwa na sauti hiyo, na akili yake ilipokuja kuijua, ulimi ulikuwa umeshakomaa. Kila "r" kwake ilitoka "l". Alipokuwa bibi harusi mpya na kumpelekea mumewe chakula kazini, mume alikuwa akimsimamisha mlangoni mbele ya wateja.

"Hebu waambie hawa: gari la rafiki limeharibika barabarani."

"Gali la lafiki limehalibika balabalani."

Chumba kizima cha kinyozi kikalipuka. Mara ya kwanza alicheka pamoja nao. Mara ya pili alitabasamu. Mara ya tatu aliweka bakuli kizingitini, akageuza njia. Tangu hapo akawa mtu wa kuchagua maneno kama mwenye njaa anayechambua mchele wenye mawe. Hakusema barabara, alisema njia. Hakumwambia mtu arudi kesho, alimwambia aje tena kesho. Kwa dobi wenzake walimwona mpole, mtu wa maneno machache. Hawakujua kwamba nyuma ya kila sentensi yake fupi kulikuwa na nyingine ndefu iliyotupwa kwa sababu ya herufi moja. Miaka ishirini na sita aliishi hivyo, na mumewe hakuwahi kugundua kwamba "r" zilikuwa zimekwisha nyumbani kwake. Yeye alidhani mkewe hana la kusema.

Hospitali walisema ni kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, mguu wa kulia ukawa wa kuburutwa, na mdomo ukaharibika kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Hakuwa bubu, maana alisema sana. Ila maneno yalitoka yamevaa nguo za watu wengine. Sabuni ilitoka "banusi", kofia ikawa "fokia". Akitaka kijiko alisema "kikijo", anasikia mwenyewe kwamba sivyo, anatikisa kichwa, anajaribu tena: "kijito... tijiko... kikoji..." jasho likimtoka kama anayesukuma gari bovu. Mara nyingine alifika. Mara nyingi alikata tamaa, akapiga meza kwa mkono wa kushoto. Jirani mmoja wa kike alipokuja kumjulia hali, mgonjwa alimwonyesha kiti kwa adabu zake zote: "Karibu titi! Karibu titi!" Mama wa watu aliaga kabla hajakaa. Jioni mtaa mzima ulikuwa nayo: Redio imehama mawimbi.

Hospitali kulikuwa na tabibu wa usemi, dada mmoja mwembamba aliyening'iniza miwani kifuani kwa uzi. Huyo ndiye aliyemkalisha mke na kumweleza, polepole, kama anayemfundisha mtu njia ya kwenda mahali.

"Hali hii inaitwa afasia, mama. Usije ukadhani amechanganyikiwa. Akili yake ipo na anajua anachotaka. Ila neno likiondoka ghalani, likifika mlangoni sauti zake zinakuwa zimebadilishana viti. Anasikia kosa lake, ndiyo maana anakasirika. Wewe umeshamzoea?"

"Namwelewa," mke alisema.

"Maneno yote?"

"Mengi."

Tabibu alimjaribu. Mgonjwa alisema, mke alitafsiri, mgonjwa aliitikia kwa kichwa: ndiyo, ndivyo. Hakukosea hata moja kati ya kumi. Tabibu alishangaa, akasema hata watoto wa kuwazaa hawawasikii wazazi wao namna hiyo. Mke hakumweleza kwamba aliyetumia miaka ishirini na sita akiyazunguka maneno anajua kila mlango yanaoupitia yanapopotea.

Wakafungua daftari. Kila kosa linalojirudia mke aliliandika. Katika ukurasa wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe, aliandika: *akisema nakata, maana yake nataka*. Hilo lilikuwa kosa la kila saa. Asubuhi "nakata chai", mchana "nakata kulala". Wageni walidhani mgonjwa anaota kazi yake, kwamba bado anakata nywele za watu. Mke ndiye aliyekuwa akiwasahihisha: "Hapana, anasema anataka."

Kulikuwa na jambo moja tabibu alilisema huku akitazama pembeni. Maneno ya mazoea, yale mtu aliyoyasema mara elfu, mara nyingi hutoka mazima bila kuguswa. Salamu. Kuhesabu moja mpaka kumi. Nyimbo. "Na matusi, mama. Utanisamehe. Usiyachukulie moyoni."

Hayo mke aliyajua kabla ya kuambiwa. Siku ya tatu wodini, alipomwagia mgonjwa supu kidogo kifuani, mtu aliyekuwa hawezi kusema "maji" alifungua kinywa na kusema, kwa sauti safi kama ya zamani: "Mjinga we!" Wauguzi walipiga makofi kwa furaha. Mgonjwa amesema! Mke alifuta supu.

Miezi minne ilipita hivyo. Dobi alimpa zamu ya mchana, asubuhi akawa anamwogesha mumewe, anamvisha, anamkalisha dirishani na kumfanyisha mazoezi ya daftari. Yeye anasoma neno, mumewe analirudia. Tabibu aliyepanga orodha hakujua habari za ulimi wa mke, naye mke hakumwambia. Ikawa kila penye "r" analiruka neno, mpaka asubuhi moja ya Jumamosi mumewe, aliyekuwa akifuatisha orodha kwa kidole, akaliona lililorukwa. Akaligonga kwa ukucha. Akaligonga tena.

"Langi," mke akasoma.

Mgonjwa alimtazama. Uso wake, uliokuwa umepinda upande mmoja, ulinyooka kidogo kwa furaha. "La... nna... nangi," alijaribu, anataka kumsahihisha, na hakuweza. Akajaribu tena, "dangi", akashindwa. Kisha mdomo ukaacha kuhangaika, ukayapata yale ya mazoea, yakatoka yote mazima, moja nyuma ya jingine: "Mjinga we! Hata kusema hujui!" Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kilekile cha kinyozi, bila ya wateja.

Mke alifunga daftari. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Alikwenda kuosha vikombe, na alikuwa bado anaviosha hodi ilipopigwa.

Aliyeingia alikuwa mdogo wa mgonjwa, mwenye duka la vipuri, mtu wa haraka ambaye hata akikaa goti lake moja huchezacheza. Chumba cha kinyozi walikuwa wameachiwa na marehemu baba yao, wote wawili, ila kaka ndiye aliyekitumia tangu ujana. Mdogo mtu aliuliza afya, akasikiliza nusu ya jibu, akaingia kwenye lililomleta.

"Kaka, nisizunguke. Mahali pale pamefungwa miezi minne, panya wanafanya mkutano. Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, anatafuta pa kuuzia simu. Mtu mwaminifu. Nikasema nisimpe neno kabla ya kukuona. Kwani wewe bado utakata nywele? Niambie mwenyewe. Unasemaje?"

Mgonjwa alijiinua kwa mkono mzima. "Sikati," alisema.

"Eeh?"

"Sikati! Sikati!" Akapiga mkono wa kiti.

Goti la mdogo mtu lilitulia. Alisikia alichotaka kusikia, lakini hakuwa mtu mbaya kiasi cha kuondoka nacho hivihivi. Aligeuka mlangoni, alikosimama mke na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Anasemaje, shemeji? Wewe ndiye unayemwelewa. Anasema hakati tena, sivyo?"

Mume alimtazama mkewe kwa matumaini ya mtu aliyeshika kamba. Mdogo mtu alimtazama akisubiri. Katika nyumba ile, tangu aingie akiwa mwali, hapakuwahi kutokea wanaume wawili wakanyamaza ili yeye aseme. Daftari lilikuwa juu ya meza, ukurasa wa kwanza ukiwa na mwandiko wake. Alijua. Hakuwa na hata chembe ya shaka. Mtu anayesema nakata akikusudia nataka, akisema sikati amekusudia nini?

"Kama ulivyomsikia," alisema. "Amesema hakati tena."

Mgonjwa aliguna kama aliyepigwa mbavuni. "Si... sikati! Sitati! Sikaki..." Mate yalimtoka. Maneno yalimkimbia yote, yakabaki yale yasiyokimbia. Akamnyooshea mkewe kidole, akasema wazi, kila herufi mahali pake: "Mwongo! Mwongo we!"

Mdogo mtu alitazama chini kwa haya. "Pole, shemeji," alisema. "Ugonjwa huu mbaya. Unamtukana hata anayekulisha."

"Nimezoea," mke alijibu.

Akautungua ufunguo msumarini, akampa.

Wiki iliyofuata kiti cha kinyozi kililetwa nyumbani juu ya mkokoteni, kile cha kuzunguka, chenye ngozi iliyopasuka na chuma cha kuegemeza miguu. Hakikuwa na pa kukaa. Kilimeza nusu ya sebule. Mgonjwa alikikokotea mguu, akaketi, akakizungusha kuelekea ukutani. Ikawa ndiko anakoshinda.

Tangu siku ile hakumwambia mkewe neno. Hakuomba chai, sawasawa wala kwa makosa, na tusi pia halikutoka. Akiletewa chakula alikula, akivishwa shati alinyoosha mkono, akifunguliwa daftari alifumba macho. Mke alikuwa ametamani kimya miaka mingi, akikiwaza kama mtu anavyowaza kivuli wakati wa jua kali. Sasa alikipata, na kilikuwa kichungu kama shubiri. Kwa dobi, mvuke wa pasi ukimpanda usoni, alijikuta akizungumza na makola ya mashati. Kuna siku aliunguza gauni jeupe la mteja, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi, na msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Alisema halali vizuri, na hilo lilikuwa kweli.

Si kwamba alipata kitu. Mdogo wa mumewe hakumletea hata kilo ya sukari, na yeye hakuitarajia.

Binti yao, karani wa ghala katika mji mwingine, alikuja kwa likizo ya siku kumi. Alikuta baba anatazama ukuta na mama anatembea kwa vidole vya miguu. Alikuwa mtoto wa kujitia katika mambo, amefanana na baba yake. Alikigeuza kiti kiangalie dirisha, akavuta stuli, akachukua daftari. Kwa binti, mgonjwa alifungua kinywa. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili baba akalia. Siku ya nne, tangu asubuhi, alikuwa akilisukuma neno moja tu, na mama aliyekuwa jikoni alilisikia kila lilipogonga ukuta na kurudi.

"Sikati. Sitati. Sikaki. Si... si... sitaki."

"Hutaki? Hutaki nini, Baba?"

"Sitaki. Bugo... mbugo... mdogo. Sitaki. Sitaki!"

Kurasa za daftari zilisikika zikifunuliwa, zikirudi nyuma, mpaka ya kwanza. Kisha miguu ya binti.

Alisimama mlangoni na daftari wazi. "Mama, huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Baba mdogo aliniambia: siku aliyokuja, Baba alisema sikati. Wewe ulijua anasema hataki."

Angeweza kukana. Ulimi hauna mfupa, na nani angethibitisha alichosikia siku ile? Akaweka sufuria chini.

"Nilijua."

"Sasa kwa nini, Mama?"

Alifungua kinywa. Alitaka kumweleza habari za barabara na rafiki, bakuli kizingitini, jino la kwa daktari, orodha ya maneno aliyoyatupa. Lakini alipoyakusanya ili ayatoe, aliona ni madogo mno. Dhihaka ya kila siku, ukiichukua moja moja na kuiweka mezani, ni punje tu, hakuna atakayeamini kwamba ilijaza gunia. Na bila yale maneno yaliyomshinda kutamka, asingeweza hata kuanza.

"Alinicheka," alisema.

Binti alingoja. Alipoona hakuna lingine, alisema, "Alikucheka," kama anayeonja kitu na kukitema. Kisha akavaa viatu, akaenda kwa baba yake mdogo.

Huko nako hakufika mbali. Baba mdogo alimsikiliza, goti likicheza, akasema yeye hakumwibia mtu. Alimuuliza mwenye mali, mwenye mali akajibu, mkewe akathibitisha. Sasa wanataka amtoe mtu na meza zake na bidhaa zake ukutani? "Mama yako ndiye kinywa cha baba yako. Mimi ningemsikiliza nani? Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu." Kioo kikubwa cha kinyozi kilikuwa kimeshavunjwa ili pabandikwe rafu. Kwa hilo alisema pole.

Likizo ilipokwisha binti aliondoka na baba yake. Mama ndiye aliyefunga mizigo: mashati sita, yote yamenyooshwa, mikunjo ya mikono imesimama kama visu. Aliandika kwenye karatasi maneno ambayo hayakuwemo daftarini, banusi ni sabuni, fokia ni kofia, na mengine zaidi ya arobaini, akaiweka juu ya mashati. Binti aliichukua bila kusema ahsante. Mgonjwa aliinamishwa, akaingizwa garini. Hakugeuka.

Mwanzoni simu zilikuja mara kwa mara. Mama, "fabu" ni nini? Mama, tangu jana anasema "msakwi", samaki nimempa amemtupa. Alijibu akiwa amesimama kando ya meza ya pasi: ni bafu, ni mswaki. Hakukosea. Baadaye simu zikapungua. Binti alikuwa ameshamzoea, au mgonjwa alikuwa anapona, au wote wawili walichoka kumuuliza yeye. Kiti kilibaki sebuleni. Alikitupia shuka juu, akawa anakizunguka.

Baada ya miezi minane alipanda basi akaenda kuwaona. Hakuitwa, na hakukatazwa. Alimkuta mumewe amekaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki, amenyolewa vibaya na mtu asiyejua kazi, fimbo kati ya magoti. Alikuwa amenenepa. Na alikuwa anasema, polepole, neno moja, kupumzika, neno lingine, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Umefika," alimwambia.

"Nimefika."

"Kasi... kazi. Inaendelea?"

"Inaendelea."

Alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Alijua swali litakuja. Njiani alikuwa ameliandalia jibu refu, na safari hii aliapa kulisema lote, hata kama litatoka na "l" mia. Mumewe sasa alikuwa na maneno ya kutosha kuuliza. Aliuliza kama mvua imenyesha kule. Aliuliza habari za dobi. Akatazama njia, ambako watoto wa shule walikuwa wanapita na mifuko yao. Hakumuuliza lingine lolote, na mke akaelewa kwamba hataulizwa, si leo wala siku nyingine.

Binti akatokea mlangoni, akifuta mikono. Mgonjwa akamwinulia fimbo.

"Mletee mwe... mge... mgeni maji."

Binti aliingia ndani. Mke alimtazama mumewe mdomoni. Ile "mwe" ya kwanza ilikuwa mwanzo wa mwenzangu, ikateleza njiani kama yalivyoteleza mengine? Au alipapasa mpaka akalipata neno alilolikusudia? Zamani asingehitaji hata kusubiri limalizike. Alisubiri ajisahihishe, atikise kichwa, ajaribu tena. Hakujaribu tena.

Maji yalikuja kwenye glasi ndefu. Aliyapokea kwa mikono miwili, akayanywa yote ingawa hakuwa na kiu, kisha akamuuliza binti basi la jioni linaondoka saa ngapi.